Cha juu kwenye magari ya kasi Marekani: stika ya pili si amri

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wasomaji wanaoishi Marekani, hasa vijana wanaojinyima mwaka mzima ili wanunue Honda Civic Type R, Toyota GR Corolla au Corvette, kisha wakifika kwa wakala wa kuuza magari wanakuta bei imeruka dola 10,000 juu ya ile waliyoisoma. Nyongeza hiyo ndiyo tunayoiita cha juu. Wengi huondoka na moja kati ya imani mbili: kwamba wakala amevunja sheria, au kwamba bei hiyo haijadiliki. Zote mbili si kweli, na zote mbili zinawagharimu watu wetu pesa nyingi.

Tuanze na sheria. Kila gari jipya linalouzwa Marekani hubandikwa karatasi ya bei dirishani na kiwanda. Sheria yake ni ya mwaka 1958, na aliyeisukuma bungeni ni Seneta Mike Monroney wa Oklahoma, ndiyo maana wenye biashara hii huiita stika ya Monroney. Lazima ioneshe namba ya chasisi, mahali gari lilipounganishwa, bei inayopendekezwa na kiwanda, bei ya kila cha ziada kilichofungwa kiwandani, na gharama ya kulisafirisha hadi kwa wakala. Kuibandua au kuichezea kabla gari halijafika mikononi mwa mnunuzi ni kosa la jinai, adhabu yake faini hadi dola 1,000, kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Lakini tazameni neno lenyewe: bei "inayopendekezwa". Sheria inataka bei hiyo ionekane. Haimlazimishi wakala auze kwa bei hiyo.

Wakala si mfanyakazi wa Honda wala wa Chevrolet. Ni mfanyabiashara anayejitegemea, amelinunua gari kutoka kiwandani kwa bei ya ankara, na anaweza kuliuza chini ya stika, sawa na stika, au juu yake. Sheria za majimbo zinawalinda mawakala hawa dhidi ya viwanda, kwa hiyo kiwanda hakiwezi tu kupiga simu na kuamuru bei ishuke. Ndiyo maana kumtisha muuzaji kwa polisi au mahakama kwa sababu ya cha juu peke yake ni kupoteza muda. Kosa linakuja pale anapotangaza bei moja na kudai nyingine, anapobandua stika ya kiwanda, au anapoingiza kwenye mkataba kitu ambacho mnunuzi hakukikubali. Hapo malalamiko yapelekwe kwa ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, na yapelekwe na ushahidi: picha ya tangazo yenye tarehe, barua pepe, nakala ya mkataba.

Kuna waliosikia kwamba Tume ya Shirikisho ya Biashara, FTC, ilipitisha kanuni ya kuwabana mawakala. Ni kweli ilitangazwa Desemba 2023 na ilikuwa ianze kazi Julai 2024, ila mahakama ya rufaa ya shirikisho ya kanda ya tano (Fifth Circuit) iliifuta Januari 2025 kwa sababu tume iliruka hatua ya utaratibu wakati wa kuitunga. Msitegemee kanuni hiyo.

Sasa stika ya pili. Pembeni ya stika ya kiwanda, wakala hubandika ya kwake, mara nyingi kwa muundo na rangi zinazofanana ili jicho lizisome kama karatasi moja. Humo utakuta mstari wa "Market Adjustment" au herufi ADM, yaani cha juu kisicho na bidhaa yoyote nyuma yake. Chini yake vinafuata vikorombwezo: naitrojeni kwenye matairi, namba ya chasisi iliyochorwa kwenye vioo, nta ya kulinda rangi, vilinda kingo za milango, nati za kufunga rimu, kifaa cha kufuatilia gari likiibwa. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78 tayari. Kumlipisha mtu dola mia mbili au mia tatu kwa hiyo inayobaki ni kumfanyia dharau. Kuchora namba kwenye vioo unaweza kujifanyia mwenyewe kwa vifaa vya dola chache. Wakala atasema vimeshafungwa na haviwezi kutolewa. Jibu ni fupi: hata kama vimefungwa, bei yake inaweza kufutwa kwenye mkataba, kwa sababu hukuviagiza.

Kwa nini magari haya hasa? Sababu ni mgao, yaani idadi ya magari ambayo kiwanda humpa kila wakala. Civic Type R hii ya sasa inatoka Yorii, Japani. GR Corolla imekuwa ikiunganishwa Motomachi, hukohuko Japani, katika karakana maalumu isiyotumia mkanda unaotembea, magari yakisogezwa kituo kwa kituo, kwa hiyo idadi haikuweza kuongezwa kwa haraka. Toleo maalumu la GR Corolla liitwalo Morizo, la 2023, lilikuja Marekani magari 200 tu. Wakala mdogo huenda akapewa kwa mwaka magari ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, huku mlangoni kuna watu arobaini. Kwenye Corolla ya kawaida hathubutu kuongeza hata dola mia tano, kwa sababu wakala wa mtaa wa pili anazo thelathini.

Hoja ya mawakala tunaijua, na haina uongo mtupu ndani yake. Wanasema: nikiuza kwa bei ya stika, atakuja mlanguzi, atalinunua, na kesho litakuwa mtandaoni kwa dola 15,000 zaidi, kwa nini faida hiyo aile yeye? Kweli hutokea. Lakini viwanda vimeonesha kwamba njia zipo. Mwaka 2023 Dodge ilipofungua oda za Challenger SRT Demon 170, yenye bei ya dola 96,666, ilitangaza kwamba magari yaliyouzwa kwa bei ya stika au chini yake ndiyo yatakayotangulia kutengenezwa. Waliotaka cha juu wasubiri nyuma ya foleni. Mwaka 2022 General Motors, watengenezaji wa Corvette, ilisema anayeuza tena toleo la Corvette Z06 ndani ya miezi 12, baadhi ya dhamana za kiwanda hazitahamia kwa mnunuzi wa pili, na anayekaa nayo mwaka mzima atapewa pointi 500,000 za mpango wake wa wateja. Ford kwenye gari lake la GT iliandika katika mkataba marufuku ya kuuza kabla ya miaka miwili, na ilimshitaki mwanamieleka John Cena mwaka 2017 kwa kuuza mapema. Wakamaliza kwa makubaliano mwaka uliofuata. Kwa hiyo wewe unayefikiria kununua ili ukapige faida, soma mkataba wako kwanza.

Tena wakala anayesema "kwa bei ya stika sipati kitu" hasemi kweli. Tofauti ya ankara na stika ni yake. Juu ya hapo viwanda vingi humrudishia asilimia ndogo ya bei, kwa kawaida kati ya 1 na 3, gari likishauzwa. Bado kuna faida ya ofisi ya mikopo, tutakayoifikia.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo watu huumia bila kujua. Civic Type R toleo la 2023 ilikuwa dola 42,895, usafirishaji 1,095, jumla 43,990. Tuseme wakala wa Texas ameweka cha juu cha 15,000. Kodi ya mauzo ya magari Texas ni asilimia 6.25, nayo inakokotolewa juu ya bei yote, cha juu kikiwemo: hapo pekee dola 937.50. Ukikopa hizo 15,937.50 kwa riba ya asilimia 8 kwa miezi 72, kila mwezi unalipa takribani dola 279 kwa ajili ya cha juu tu, na mpaka deni liishe umetoa zaidi ya dola 20,100. Hujaongeza hata farasi mmoja kwenye injini.

Na hayo ni pale mambo yakienda vizuri. Gari likipondeka mwezi wa nne, bima hulipa thamani ya gari sokoni siku hiyo, si ulichomlipa wakala. Bima ya pengo, ile wanayoiita GAP, inayofidia tofauti kati ya deni lako na malipo ya bima, husaidia, lakini mikataba mingi ina kikomo kinachopimwa kwa thamani ya gari, kwa hiyo cha juu kikubwa kinaweza kubaki nje. Benki na vyama vya kuweka na kukopa navyo hupima mkopo wa gari jipya kwa ankara au stika, hivyo mara nyingi sehemu ya cha juu hukataliwa na mnunuzi hutakiwa kuitoa taslimu mezani. Siku utakapotaka kulibadilisha, wakala yuleyule hatahesabu hata senti ya kile alichokuongezea. Magari mengine yakishuka melini na hamu ikipoa, kinachoyeyuka kwanza ni cha juu.

Basi afanyeje anayelitaka gari kweli?

Aanze kwa kutokwenda dukani. Muuzaji akikuona unazunguka gari huku unagusa usukani, ameshakupima. Andika barua pepe kwa mawakala ishirini au thelathini, si wawili wa karibu, ndani ya maili 600 au hata 1,000. Barua iwe fupi na iende kwa meneja wa mauzo, kwa sababu muuzaji wa kawaida hana mamlaka ya bei. Omba vitu hivi vimeandikwa: namba ya chasisi, bei ya stika ya kiwanda, nyongeza yoyote ya wakala, kila kikorombwezo na bei yake, ada ya makaratasi, kodi, usajili, na jumla ya mwisho, yaani bei ya kutoka na gari getini. Uliza pia kama bei hiyo ina masharti ya kukopa kwao au kuwaachia gari lako la zamani. Anayejibu "njoo tuzungumze" ameshajibu, mpite. Ada ya makaratasi itazame kwa makini, kwani California imewekewa kikomo cha dola 85 na New York 175, lakini Florida haina kikomo na mara nyingi inakaribia elfu moja. Wakala anayejisifu kwamba hana cha juu anaweza kukirudisha kupitia mstari huo.

Tiketi ya ndege ya kwenda tu na hoteli ya usiku mmoja mara nyingi havifiki dola 600. Kulisafirisha gari kwa lori la wazi mara nyingi hugharimu kati ya dola 700 na 1,500 kulingana na umbali. Pima hilo na cha juu cha 15,000. Kodi kwa kawaida utailipa jimboni kwako unaposajili, lakini hakikisha wakala anakupa namba za muda na karatasi za umiliki zinazokubalika kwenu. Jambo moja husahaulika: mengi ya magari haya huja na matairi ya kiangazi, na mpira wake hukakamaa baridi ikishuka karibu na nyuzi 5 za Selsiasi. Anayekwenda kuchukua Type R Minnesota mwezi wa Januari na kuliendesha hadi Texas anahatarisha maisha; atumie lori.

Kwa Corvette kuna njia bora kuliko kununua lililopo dukani, nayo ni kuagiza. Oda ya General Motors hutembea kwa namba. Ikiwa 1100, oda imo kwenye kompyuta ya wakala tu, haijapata mgao. 2000 maana yake kiwanda kimeipokea. 3000 imekubaliwa kwenye ratiba ya uzalishaji, na kuanzia hapo usitegemee kubadilisha rangi wala viti. 3800 gari limetengenezwa, 4200 limesafirishwa, 5000 limefika kwa wakala. Wapo mawakala wanaopokea arubuni za watu sitini huku mgao wao ni magari manane kwa mwaka, na wale sitini wote wanaambiwa "oda yako iko ndani". Kabla ya kutoa arubuni uliza: niko wa ngapi kwenye orodha, na mwaka jana mlipokea magari mangapi ya aina hii? Kisha kila mwezi uliza namba ya oda imefika wapi. Ikikaa 1100 miezi sita, fuata pesa yako. Toyota na Honda Marekani hazifanyi hivyo. Wakala hupewa mgao na kuuza kinachokuja, kwa hiyo kwao tafuta gari lililo njiani ambalo tayari lina namba ya chasisi, na ulishike kabla halijashushwa.

Arubuni ilipwe kwa kadi ya mkopo, si fedha taslimu wala Zelle (huduma ya kutuma pesa kutoka benki kwa simu), na iandikwe kwamba inarudishwa. Karatasi ya oda iwe na saini ya meneja na sentensi inayosema bei itakuwa ya stika ya kiwanda bila nyongeza wala vikorombwezo. Ahadi ya mdomo hapa ndiyo inayovunja watu moyo zaidi: gari linafika baada ya miezi tisa, muuzaji aliyeahidi ameshahama kazi, meneja mpya anasema soko limebadilika. Bila karatasi huna cha kumwonesha.

Siku ya kusaini, hatari inahamia ofisi ya mikopo. Wakala hupata riba kutoka benki, tuseme asilimia 6, anakuandikia 8, na sehemu ya tofauti ni mapato yake. Njoo na barua ya mkopo uliokwisha kuidhinishwa na chama chako cha kuweka na kukopa, kisha mwambie aishinde. Akisema bei ya stika ni kwa wanaokopa kwake tu, soma kama mkataba una adhabu ya kulipa mapema. Kama hauna, unaweza kukubali na kuuhamisha mkopo baada ya mwezi mmoja au miwili. Sheria ya mwaka 1968 inamlazimisha akuoneshe kwenye mkataba viwango vinne: riba ya mwaka, gharama ya mkopo kwa dola, kiasi unachokopa, na jumla ya malipo yote. Linganisha kiasi unachokopa na ile bei ya getini uliyotumiwa, ukitoa malipo yako ya awali. Kikizidi, kuna kitu kimeingizwa. Usikubali kuzungumzia malipo ya mwezi peke yake, kwa sababu kuongeza miezi kutoka 60 hadi 84 hufunika cha juu chochote. Na usiondoke na gari kabla mkopo haujaidhinishwa moja kwa moja; kuna wanaoitwa baada ya wiki warudi kusaini riba mpya.

Ndugu zetu Waislamu wanaokwepa riba na kulipa taslimu, wengi kwa pesa za upatu, wajue hili: noti zinazozidi dola 10,000 zinamlazimisha wakala kujaza Fomu 8300 na kuipeleka kwa mamlaka ya kodi ndani ya siku 15. Si kosa na si tuhuma. Kosa ni kuzigawa pesa makusudi ili kuikwepa fomu. Ukilipa kwa hundi yako binafsi au kwa kuhamisha kutoka benki, hilo halipo.

Ile imani ya kwamba unaweza kurudisha gari ndani ya siku tatu iachwe kabisa. Kanuni ya FTC ya siku tatu haihusu gari ulilolinunua kwenye duka la wakala. Ukishasaini, ni lako.

Kwa wanaotaka kupeleka gari nyumbani: mawakala wengi sasa husainisha hati ya kutosafirisha gari jipya nje ya nchi kwa muda fulani, yenye faini ya maelfu ya dola. Isome. Magari ya Marekani yana usukani wa kushoto, na Kenya haisajili usukani wa kushoto isipokuwa kwa matumizi maalumu. Kongo, Rwanda na Burundi huendesha upande wa kulia, kwa hiyo huko shida si usukani, ni hiyo hati.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni moja. Gazeti lako huchapisha matangazo ya mawakala wa magari yenye maneno "bei kuanzia" na malipo ya mwezi kwa herufi kubwa. Wadai kila tangazo la gari jipya lioneshe bei ya stika ya kiwanda na nyongeza ya wakala katika mistari miwili iliyotengana, kwa ukubwa uleule wa herufi, na ada ya makaratasi chini yake. Asiyetaka, nafasi yake apewe mwingine.

Wasomaji wenu,
Dallas, Texas